Ungeniambia Upo

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, nilimgonga muuza mayai kwa nyuma. Si kwa gari. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli na yeye alikuwa juu ya baiskeli, sote tukitokea Tegeta kuelekea Mwenge, saa moja kasoro asubuhi. Wanaoijua Dar es Salaam wanajua Julai ni mwezi wa kusi. Ukiwa unaelekea mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, upepo unakupiga kifuani tangu unatoka nyumbani, na kila ukikanyaga pedali unahisi kama kuna mtu amekushika shati kwa nyuma.

Yule mzee alikuwa na Phoenix kubwa nyeusi, na juu ya keria amefunga trei za mayai kwa mipira ya tyubu mpaka zikamfikia mabegani. Kwangu mimi ule ulikuwa ukuta. Nilijisogeza nyuma yake pale Africana, na ghafla dunia ikawa nyepesi. Upepo ukakatika. Nikawa nakanyaga kama mtu anayeshuka mlima. Sikumsalimia wala sikupiga kengele, nikakaa tu. Tulikwenda hivyo karibu kilomita mbili, mimi nikiangalia mayai yake na kuwaza mambo yangu ya ofisini, hadi daladala ilipochomoka kituoni bila taarifa. Mzee akashika breki. Mimi sikuiona daladala, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na mayai.

Trei mbili zilikwenda chini. Trei moja ni mayai 30, hesabu mwenyewe. Nilijiandaa kutukanwa. Mzee alisimamisha baiskeli yake, akaangalia ute ukitiririka kwenye lami, akaniangalia mimi, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kijana wangu, ungeniambia upo."

Nililipa mayai kwa simu, nikamwomba radhi, tukaachana. Lakini ile kauli ilinifuata. Hakusema usingenifuata, wala hakusema upepo ni wake. Kosa langu, kwa mujibu wake, lilikuwa kukaa nyuma yake bila yeye kujua. Mimi ni mwandishi wa habari, kitu kikinikaa kichwani nakwenda kukisoma. Nikagundua kwamba swali alilolijibu mzee yule kwa maneno mawili limewasumbua watu kwa zaidi ya miaka 130: ukijificha nyuma ya mwenzako ili yeye akukatie upepo, unamdai au anakudai? Na kama anakudai, anakudai nini?

Tuanze na upepo wenyewe. Mtu anayetembea kwa miguu haoni kwamba hewa ni mzigo. Mwendesha baiskeli anaona. Ukifika spidi ya kilomita 20 kwa saa kwenye lami tambarare, zaidi ya nusu ya nguvu za miguu yako zinaishia kuisukuma hewa, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kukua. Anayekaa nyuma anapita kwenye hewa ambayo mwenzake ameshaipasua. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya hewa wanayotumia waendesha baiskeli wakiwa njiani: kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa, aliyekaa nyuma ya mwenzake mmoja alitumia oksijeni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Kwa kilomita 40, pungufu kwa asilimia 27. Aliyekaa nyuma ya kundi la watu wanane alipunguza asilimia 39. Mimi na mzee wa mayai hatukuwa tunakimbia hivyo, lakini upepo ukivuma kutoka mbele, miguu inajumlisha: mwendo wako pamoja na mwendo wa kusi.

Watu wa mbio hawakusubiri vipimo. Walilijua jambo hili tangu baiskeli ilipopata tairi za upepo, baada ya Dunlop kuzitengeneza kule Belfast mwaka 1888. Katika miaka ya 1890, mashindano mengi makubwa ya Ulaya na Marekani yalikuwa kwa kweli ni mashindano ya waongozaji. Bingwa alitembea na kikosi chake cha kumkatia upepo: baiskeli za watu wawili, watatu, wanne, hata watano, zikipokezana mbele yake huku yeye akijibana nyuma. Mashindano ya Bordeaux hadi Paris mwaka 1891 yalikuwa ya namna hiyo. Mshindi alipigiwa makofi, waongozaji wakalipwa ujira, na hakuna aliyeona aibu. Kukatiwa upepo ilikuwa kazi yenye mkataba.

Kisha ikaja tamaa ya kuona mwisho wake uko wapi. Tarehe 30 Juni 1899, Mmarekani mmoja aitwaye Charles Murphy alipanda baiskeli yake nyuma ya treni kule Long Island, karibu na New York. Mbao zilikuwa zimelazwa katikati ya reli ili apate pa kupita, na behewa la mwisho limejengewa kibanda cha kuzuia upepo. Alikwenda maili moja kwa sekunde 57 na kidogo, yaani karibu kilomita 100 kwa saa kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Sehemu ya hadithi inayonivutia mimi ni ya mwisho. Maili ilipokwisha, mbao nazo zilikuwa zinakaribia kwisha, na ikabidi watu waliokuwa nyuma ya behewa wamdake na kumvuta ndani pamoja na baiskeli yake. Nyuma ya treni alikuwa mwepesi kama karatasi, lakini hakuwa na uamuzi wowote. Kama dereva angeamua vibaya, Murphy asingekuwa na la kufanya.

Hilo ndilo somo ambalo zama zile zilijifunza kwa damu. Waongozaji wa miguu wakabadilishwa kwa pikipiki, mwendo ukapanda, na ajali zikafuata. Mbaya kuliko zote ilitokea Berlin mwezi Julai 1909, ambapo pikipiki ya kuongozea ilitoka kwenye njia, ikaingia jukwaani na kuua watu 9. Hao walikuwa watazamaji. Hawakuwa wamekubaliana na mtu yeyote kuhusu upepo.

Waingereza kwa upande wao walikuwa wameshachukua njia nyingine. Julai 1894, wanachama wa klabu moja ya London walikuwa wanashindana barabarani kwa kundi pale walipolipita gari la farasi lililoendeshwa na mwanamke. Farasi akashtuka, waendesha baiskeli wakaanguka, malalamiko yakafika polisi. Mmoja wa walioanguka alikuwa Frederick Bidlake, ambaye baadaye akawa mtetezi mkubwa wa aina mpya ya mashindano: kila mtu anaanza peke yake, kwa kupishana dakika, anashindana na saa. Mashindano yalianza alfajiri, watu wamevaa nguo nyeusi ili wasivutie macho. Na sharti kuu likawa kwamba hakuna kujificha nyuma ya mtu. Ukipitwa, unamwacha aende. Mashindano ya kundi barabarani yakapigwa marufuku kule Uingereza, na marufuku hiyo ikadumu hadi Juni 1942, wakati wa vita, ambapo Percy Stallard aliwakusanya watu wakakimbia pamoja kutoka Llangollen hadi Wolverhampton. Chama cha baiskeli cha nchi kilimfungia. Yaani kwa karibu miaka 50, katika nchi iliyotuletea Raleigh, kushindana mkiwa mmefuatana gurudumu kwa gurudumu kulihesabika kuwa utovu wa adabu.

Ufaransa nako kulikuwa na mtu aliyeuchukia upepo wa kuazima: Henri Desgrange. Huyu ndiye mhariri wa gazeti la L'Auto aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, wakaanza watu 60. Kabla ya hapo, mwaka 1893, alikuwa ameweka rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 35 na ushee. Alitaka kuona mtu na barabara, basi. Katika Tour ya kwanza aliwaondoa waongozaji. Lakini akagundua jambo ambalo sheria haiwezi kulizuia: ukiwaweka watu 60 kwenye barabara moja, watakatiana upepo wao kwa wao. Alihangaika nalo miaka mingi. Mwaka 1927 aliamua hatua nyingi zikimbiwe kwa timu kuanza moja moja ili kuvunja kundi, na bado haikumsaidia. Upepo ukamshinda. Mchezo ukabaki kuwa kile ulichonacho leo: kundi kubwa la wapinzani wanaosaidiana huku kila mmoja akipanga kumsaliti mwenzake kilomita chache kabla ya mwisho.

Na ndani ya kundi hilo zikazaliwa sheria ambazo hazikuandikwa. Kubwa kuliko zote ni ya kupokezana. Unakaa nyuma kidogo, unakwenda mbele kidogo, unapisha. Anayekaa nyuma saa nzima kisha anachomoka na kuchukua ushindi, jina lake linajulikana katika lugha zote za mchezo huu, na hapa ndipo nilipoacha kusoma nikacheka peke yangu. Wafaransa, Wahispania, Waitaliano, Waingereza, wote wamechagua picha moja: wanamwita mnyonya gurudumu.

Mnyonyaji! Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kunyonya kulihama kutoka kwa mtoto mchanga kukaenda kwenye siasa. Tulikuwa na wanyonyaji, tulikuwa na kupe, tulikuwa na mirija ya kukatwa. Wazazi wetu walifundishwa shuleni kumtambua mtu anayeishi kwa jasho la mwingine. Na tulikuwa na methali ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962, ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiisoma vizuri utaona ni sheria ya kundi la baiskeli. Siku mbili za kukaa nyuma si kosa, ni ukarimu wa kawaida. Siku ya tatu, shika jembe, nenda mbele, na wewe upigwe na upepo.

Kwa hiyo jibu lilionekana rahisi. Nilikuwa kupe wa mzee wa mayai, na dawa ya kupe ni kushika zamu. Nilitaka kuiandika makala hii na kuishia hapo.

Lakini kuna mambo mawili yaliyonizuia.

La kwanza ni fizikia. Kupe anapomnyonya ng'ombe, damu inapungua. Je, mimi nilipokaa nyuma ya mzee, nilimpunguzia nini? Hakuna. Aliupasua upepo ambao angeupasua hata nisingekuwepo. Tena kuna zaidi: vipimo vya maabara za upepo, hasa vya Profesa Bert Blocken na wenzake, vimeonyesha kwamba aliye mbele naye hupata nafuu kidogo, asilimia mbili au tatu hivi, mtu akikaa karibu sana nyuma yake, kwa sababu hewa inayomvuta kwa nyuma inatulia. Ni kidogo kiasi kwamba mguu hauwezi kuihisi, lakini ipo upande wa faida. Kwa hesabu kavu, mimi ndiye niliyekuwa namsaidia mzee! Sasa kama hakuna kilichoibiwa, kwa nini bado nilikuwa na hatia?

La pili ni historia ya mtu mmoja, Marshall Taylor, aliyejulikana kama Major Taylor. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1878, Mmarekani mweusi, na mwaka 1899 kule Montreal akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli. Miaka mitano kabla ya hapo, chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa Marekani kilikuwa kimepitisha kwamba uanachama ni wa weupe tu. Taylor hakushindana na wapinzani mmoja mmoja. Alishindana na kundi. Walimfungia katikati, mmoja mbele, mwingine pembeni, mwingine nyuma, wakakubaliana nani ashinde mradi asiwe yeye. Mwaka 1897, baada ya mashindano huko Massachusetts, mpinzani mweupe alimkaba koo mpaka akapoteza fahamu. Njia yake ya kujiokoa ilikuwa kutoka mbele mapema na kukimbia peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumfungia, akiubeba upepo wote kifuani.

Nikimfikiria Taylor, zile sheria nzuri za kupokezana zinapoteza utamu. Kukaa karibu na gurudumu la mtu ni urafiki pale tu ambapo nyote wawili mmekubali. Pasipo kukubaliana, magurudumu yale yale, umbali ule ule, ni kuta za gereza. Kwake yeye suala halikuwa nani anafaidi upepo wa nani. Suala lilikuwa nani ana haki ya kujua na kuamua nani yuko karibu naye, na kwa nia gani.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu. Upepo hauna mwenyewe. Ninachokichukua nikikaa nyuma ya mtu ni macho yake na breki yake. Ninamfanya awe dereva wa baiskeli mbili wakati yeye anadhani anaendesha moja. Akijua nipo, atashika breki taratibu, atanyoosha kidole kwenye shimo, ataniacha nafasi. Asipojua, kila uamuzi anaoufanya kwa ajili ya usalama wake unaweza kuwa ajali yangu, na ajali yangu ikawa hasara yake. Murphy angalau alikuwa na watu nyuma ya behewa wanaomwangalia na mikono tayari. Mzee alikuwa amebeba mtaji wake wote mgongoni, na mimi nikauwekea rehani bila kumuuliza.

Na hii ndiyo tofauti kati ya mbio na safari ya kwenda kazini. Kwenye mbio, kila mtu amejiandikisha. Kuwa gurudumuni kwa mwenzako ni sehemu ya mkataba uliousaini ukichukua namba yako. Barabara ya Bagamoyo saa moja asubuhi hakuna aliyejiandikisha. Kuna muuza mayai, kuna fundi ujenzi na beseni lake, kuna mwanafunzi amempakia mdogo wake. Kuna dada mmoja ninayefanya naye kazi ambaye huja kwa baiskeli kutoka Mikocheni. Nilipomsimulia kisa changu aliniambia kwamba yeye akisikia mnyororo wa mtu nyuma yake jioni, giza likishaanza, na mtu huyo hapiti wala hasemi kitu, hafikirii upepo hata kidogo. Anafikiria mkoba wake na njia ya kukimbilia. "Nyinyi mnahesabu asilimia," akasema, "mimi nahesabu nyumba zenye taa."

Kwa hiyo adabu ya jambo hili, kama ninavyoielewa sasa, inaanza kabla ya zamu na jembe. Inaanza na sauti. Salimia. Sema uko nyuma na unaomba ujikinge kidogo. Akikataa, au akinyamaza kwa namna ya kukataa, pita mbele au baki mbali. Akikubali, kaa pembeni kidogo ya gurudumu lake ili uone mbele, weka vidole kwenye breki, usiligusishe gurudumu lako kando ya lake, maana yakigusana anayeanguka kwanza mara nyingi ni wa nyuma. Kama una nguvu, shika zamu. Kama ni mwanamke usiyemjua na ni usiku, achana na habari ya upepo kabisa, nenda zako.

Miji yenye baiskeli nyingi imejijengea lugha yake ya mikono. Kule Copenhagen mtu akitaka kusimama huinua mkono kwanza ili wa nyuma ajiandae. Nilikuwa nadhani kwetu hakuna kitu kama hicho, hadi nilipoanza kusikiliza. Ukiwafuata wachukuzi wa mkaa wanaoingia mjini kwa msafara alfajiri, utasikia wa mbele akipaza sauti: shimo! tuta! gari! Baiskeli yenye magunia haiwezi kuachiwa usukani hata kwa sekunde moja, kwa hiyo wao wanatumia mdomo. Na Burundi, katika barabara ya kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, vijana walioshusha ndizi hung'ang'ania nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Ni hatari na wengine hawafiki, wala sitaipamba, nikimkumbuka Murphy na treni yake. Utegemezi wa aina hii kwa kawaida hauchagui mtu aliyeshiba. Anayetafuta wa kumkatia upepo mara nyingi ni aliyechoka.

Wiki kadhaa baada ya ile ajali nilimwona tena mzee, karibu na Africana, trei zimefungwa vile vile. Safari hii nilipiga kengele nikiwa mbali.

"Shikamoo mzee. Nipo nyuma yako."

Aligeuza shingo kidogo, akanitambua. "Marahaba. Wa mayai?"

"Mimi mwenyewe."

Alicheka. Akaniambia wao wakienda wawili, wa mbele ndiye anayepiga kelele za breki, na wa nyuma anaitikia ili ijulikane amesikia. Basi tukaenda hivyo. Akasema "breki!", nikaitikia "naam!" Tulipokaribia Lugalo nikamwomba nipite mbele nimkatie upepo na mimi. Aliniangalia kwa muda, jinsi nilivyo mwembamba, kisha akaangalia mzigo wake uliomzidi upana mara mbili.

"Haya, pita," akasema. "Hata kama haisaidii, pita tu."

Nikapita. Kusi ikanipiga kifuani, na kutoka nyuma yangu nikasikia sauti yake ikisema: "Nipo."